Mzee Mishale Anastaafu, Saa Zake Bado Ziko Kazini

Tarehe thelathini mwezi huu, karakana ya mita za maji itamuaga fundi wake mkuu baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi. Kwenye faili ana jina refu la heshima. Sisi tunamwita Mzee Mishale, na hata mkurugenzi aliwahi kulitumia jina hilo kwenye kikao rasmi bila kushtuka.

Alianza kama msoma mita, akafukuzwa na mbwa wa mitaa yote, ndipo akahamishiwa karakana, ambako hakuna mbwa. Humo alijifunza kufungua mita, kusafisha vigurudumu vyake vya meno na kuirudisha ikahesabu sawasawa. Siku moja akafungua saa yake ya mkono iliyokufa, akakuta ndani mambo ni yaleyale, ila madogo zaidi na hayana tope. Basi, akanasa hapo hapo. Kila soko la mitumba alilopita alirudi na saa mbovu mfukoni. Anaifungua, anaisafisha, anaitia mafuta kwa ncha ya sindano, halafu anaivaa wiki nzima huku akiitegea sikio kama daktari. Marehemu mkewe alikuwa akilalamika kwamba ana wake wenza zaidi ya thelathini, na wote wanaongea usiku kucha.

Mama huyo alitutoka miaka miwili iliyopita. Hili tuliseme wazi, maana Mzee mwenyewe amelisema wazi hapa kwangu stoo, kikombe cha chai mkononi: haogopi uzee, haogopi pensheni kuchelewa, anaogopa kukaa kwenye nyumba isiyobishiwa hodi. Watoto wako mbali. Amezoea makelele ya karakana, na sasa anakwenda kukaa na saa peke yake.

Saa za kisasa nazo alizijaribu. Binti yake alimtumia ile inayohesabu hatua na kuwaamrisha watu wasimame. Ikamwamrisha katikati ya hotuba ya mkurugenzi, naye, mtu mtiifu, akasimama. Mkurugenzi akadhani ana swali, akaagiza apewe kipaza sauti. Mzee akashukuru, akasema hana swali, ametumwa na mkono. Siku hizi saa hiyo anaivaa mlinzi wa getini, na anasema inamsaidia asisinzie.

Ndiyo, anaivaa mlinzi, kwa sababu Mzee hajui kukataa. Ukiwa na usaili, harusi, au unakwenda kujitambulisha ukweni, unapita kwanza kwenye meza yake. Anakutazama mkono, anavuta droo, anakuchagulia. Anasema mtu mwenye saa akizidiwa na aibu anapata angalau mahali pa kutazama.

Iliyokwenda sana ukweni ni ile ya uso wa kijani. Namba yake ya tisa ilidondoka, Mzee akaichora upya kwa mkono, ikatoka imeinama kama mtu anayetafuta sindano sakafuni. Dereva wetu wa lori la mabomba aliivaa alipokwenda kuposa, akamwambia baba wa binti kwamba ameirithi kwa babu yake. Akakubaliwa, picha ikapigwa, ikatundikwa sebuleni. Mwaka uliofuata karani wetu wa ankara akaenda kuposa mdogo mtu, nyumba ileile, saa ileile. Alipoulizwa, akasema ameirithi kwa babu yake. Laiti wangeulizana!

Baba mwenye nyumba ni askari magereza mstaafu. Hakupandisha sauti. Aliitazama picha ukutani, akautazama mkono wa karani, akaikazia macho ile tisa, kisha akafunga mlango kwa ufunguo na kuutia mfukoni. Akampigia simu dereva kumuuliza saa yake iko wapi. Dereva, kwa hofu ya kuumbuka, akasema iliibwa. Jamani! Mwenzake amefungiwa sebuleni, binti analia jikoni, posa inakufa, na huyu keshamfanya mtu mwizi kwa neno moja.

Karani aliomba kwenda msalani, huko akampigia Mzee. Mzee alifika na koti lake la kazi, akafunguliwa, mlango ukafungwa tena nyuma yake, naye akasema kweli tupu: saa ni yake, vijana hawa hawana babu mwenye saa, aliwaazima yeye. Mwenye nyumba akafoka kwamba haozeshi binti kwa waongo wanaojipamba kwa vya watu. Alipokuwa akifoka na kupunga mkono, Mzee akaona kwamba saa ya bwana huyo nayo imesimama. Hakumwaibisha mbele za watu. Alimsogelea tu, akamnong'oneza kwamba akimwachia, itakuwa tayari Ijumaa. Bwana mkubwa akautazama mkono wake. Kumbe alikuwa akiivaa ikiwa imekufa tangu alipostaafu, kwa heshima tu. Akacheka mpaka akatafuta kiti, akatoa ufunguo, na posa ikaendelea. Haya tunayajua kwa sababu anayasimulia mwenyewe, tena anatia chumvi.

Saa yake ilipona, lakini yeye ndiyo kwanza akaugua. Kila Ijumaa yuko karakana, eti inataka kuangaliwa kidogo, na wanazungumza na Mzee mpaka tunafunga. Sasa sote tunamwita Baba Mkwe.

Wiki iliyopita utawala ulitangaza kwamba kila aliyeazima saa airudishe kabla ya sherehe. Zikaletwa stoo, zikajaa boksi la viatu, nasi tukajiona waungwana. Baba Mkwe akaingia, akachungulia, akatuwakia: hivi tuna akili kweli? Tukimrudishia zote leo, kesho tutakwenda kwake kufuata nini? Tulipanga foleni, wakubwa kwa wadogo, kila mtu akaichukua tena ya kwake.

Kwa hiyo, Mzee wetu, tukikukabidhi boksi tupu siku hiyo ya tarehe thelathini, usituone wezi. Saa zako zitataka mafuta, na fundi anayeziweza tumesikia kuanzia mwezi ujao anapatikana nyumbani. Asante kwa kazi, kwa mkono mwepesi, na kwa kutuozesha. Tunakutakia mapumziko mema, ila usiyazoee sana: Jumamosi ya kwanza anakuja Baba Mkwe, inayofuata ni dereva na mkewe, kisha karani na mapacha wake, na zamu zimejaa mpaka mwakani. Kama kengele ya mlango wako ni mbovu, itengeneze hiyo kwanza.