Anania Nduwayezu na Pikipiki Iliyoshiba Hewa

Bwana Anania Nduwayezu anastaafu tarehe 30 Juni, baada ya kuutumikia ushirika wetu wa wafuga nyuki hapa Kibondo kwa miaka thelathini na mmoja. Aliposikia nimepewa kazi ya kuandika wasifu wake, alikuja ghalani ninakopokelea asali akanionya: "Theodosia, usinipambe. Andika na mambo ya pikipiki. Usipoyaandika, watayasimulia wenyewe, na wao huongeza chumvi."

Natii.

Aliajiriwa akiwa na cheti cha ufugaji nyuki na woga wa nyuki, ambao anasema haujamwisha hadi leo. Siku ya kwanza alipofundisha kufungua mzinga wa kisasa kule Mabamba, nyuki mmoja alimwingia ndani ya suruali, mwalimu akatoka mbio. Wanafunzi walibaki, wakamalizia somo kwa utulivu. Hata hivyo, vikundi vingi vinavyotuletea asali kutoka Mabamba na Kasanda ni yeye aliyeviunda, akizunguka mlima kwa mlima.

Milima hiyo ndiyo iliyomponza. Pikipiki ya ushirika ilikuwa ikichoka ikibeba ndoo za asali, na vijana wa gereji za Kasulu wakamwambia injini inakosa pumzi. Aliamini upesi, kwa sababu yeye pia hukosa pumzi mlimani. Aling'oa boksi la hewa, akafunga filta ya wazi na kabureta yenye mdomo mpana. Jeti, yaani kile kitundu kinachopima petroli, akahamishia ileile ya zamani, maana alisema haijaharibika. Hewa ikaingia tele, petroli ikabaki kidogo. Uwanjani ilinguruma vizuri, tukapiga makofi bila kujua tunashangilia nini.

Kesho yake alinipakia nyuma, tukaenda kambi ya Nyarugusu kuchukua mavazi ya kurinia asali. Huyashona Mama Elise na wenzake, wakimbizi kutoka mashariki ya Kongo. Kila Anania alipolegeza mkono wa mafuta, eksozi ilipasua mlio kama wa bunduki, naye akacheka njia nzima. Tulipofika penye vyerehani, mlio mmoja mkubwa ukapasuka. Akina mama wakalala chini. Providence, mdogo wao wote, alimfunika mwanawe kwa mwili wake, na hakuinuka hata baada ya injini kuzimwa.

Mama Elise alisimama, akakung'uta vumbi. "Papa Anania, makelele kama hiyo ndiyo tulikimbia kwetu. Na weye unatuletea tena hapa?"

Anania alishuka kwenye pikipiki. "Mnisamehe, mama zangu. Nimefanya ujinga." Aliisukuma pikipiki kwa mikono mpaka barabara kuu, ndipo akaiwasha.

Tangu hapo hakuingia kambini injini ikiwaka. Aliisukuma na mzigo wake, kwenye tope na kwenye jua, na aliyemuuliza aliambiwa kwamba ni mazoezi ya viungo. Kila Jumamosi alishinda nyuma ya ghala akibadilisha jeti ili kuukomesha mlio ule. Akiweka kubwa mno, moshi mweusi unatutoa nje sote. Akiweka ndogo, pikipiki inakohoa. Kila mara alizunguka kidogo, akafungua plagi na kuitazama. Ikiwa nyeupe, hewa imezidi. Ikiwa nyeusi, petroli imezidi. Mkewe, Esteri, alilalamika kwamba mumewe anazikagua plagi zaidi kuliko alivyowahi kukagua madaftari ya watoto.

Mwishowe plagi ilitoka ya kahawia, na mlio ukawa wa pikipiki ya kawaida kabisa. Nguvu mlimani? Anakiri mwenyewe kwamba ilikuwa ileile ya kabla hajaigusa.

Safari iliyofuata aliingia Nyarugusu injini ikiwaka, polepole, huku nikiona shingo yake imekakamaa. Hakuna cherehani kilichosimama. Providence aliinua macho, akasema, "Karibu, Papa," akaendelea kukata kitambaa. Anania alizima injini, akaenda kwanza kuwasalimu akina mama. Kamba ya mzigo nikaifungua mimi.

Mzee wetu, asante kwa kazi, kwa vicheko na kwa uungwana wako. Nenda Kasanda ukalime na Esteri. Tunakuombea afya njema, mvua za wakati wake, na wageni wengi. Sisi tutakuwa wa kwanza kupiga hodi.