Ufunguo wa Gari la Mwalimu Dinah

Marehemu Mwalimu Dinah Nabwile alizaliwa tarehe 12 Machi 1953 huko Malakisi, binti wa tatu wa mkulima wa tumbaku, akasoma shule ya msingi huko huko, kisha chuo cha ualimu, akahitimu mwaka wa 1974, akafundisha Bungoma hadi Januari 1998 alipofanywa afisa wa elimu.

Tarehe 9 Desemba 1978 aliolewa na Bwana Walubengo, seremala wa Matisi, Kitale, ambaye ameketi hapa mbele, wakajaliwa Sellah na Tonny.

Ninyi mliohudhuria mikutano ya elimu mnajua desturi yake. Maafisa wengine walihutubia, wakanywa chai, wakaponyoka kabla ya maswali, lakini yeye akiingia ukumbini alimkabidhi mzazi yeyote wa safu ya mbele ufunguo wa gari lake, asiupokee mpaka swali la mwisho lijibiwe. Watu walimpenda kwa hilo. Bwana Walubengo hakulipenda, na amekubali lisemwe wazi: alikuwa na wivu, wivu wa kuchoma kifua, kwamba nusu ya Bungoma imeushika ufunguo ule naye hajaushika, na kwamba watu baki wanajibiwa hadi jioni huku yeye akiongea na sufuria.

Mwaka wa 2007 marehemu alianza kuugua figo, ila mikutano hakuacha. Tarehe 14 Agosti 2008 mumewe alimfuata kwenye mkutano wa Kitale ili amrudishe nyumbani, akakuta ufunguo uko kwa mzazi mmoja, Mama Chepkemoi, roho ikamuuma zaidi, akainua mkono kama wengine, akauliza, "Madam, sisi watu wa nyumbani tutakupata lini, bana?" Ukumbi mzima ulicheka. Marehemu hakucheka, alisema swali hilo ni la haki na jibu hana, na kwa kuwa hakulijibu akakataa kupokea ufunguo, gari likabaki pale uwanjani, wakarudi Matisi kwa pikapu ya mumewe ya kubebea mbao.

Wiki iliyofuata alilazwa hospitali ya Lugulu, akafariki tarehe 2 Septemba 2008.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Lugulu, majirani wa Matisi waliopika na kukesha nasi, walimu wenzake, na wazazi wote. Asubuhi hii Mama Chepkemoi ameuleta ufunguo, akauweka mkononi mwa Bwana Walubengo, naye ameomba isomwe mbele yenu kwamba swali lake ameliondoa.

Mwalimu Dinah, maswali yamekwisha, sasa unaweza kwenda, pumzika kwa amani.