Ukingo Alioukata Mama Kahawia

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika maabara ya tishu, fundi wetu mkuu, Mama Kahawia, anastaafu tarehe thelathini Juni. Jina hilo alilipata kwa sababu kipimo kikikubali, tishu iliyo kwenye kioo cha darubini hugeuka kahawia, naye hapo huanza kuimba.

Aliingia akiosha vyupa, akasomea kukata tishu, kisha akakabidhiwa vipimo vya saratani ya matiti. Kazi yake ni kuipaka tishu rangi ili kuonyesha mambo mawili: kama seli zinaitikia homoni, na kama bado zina ile protini ya kuzishikamanisha, ambayo yeye huiita gundi. Seli zikikosa gundi hutawanyika kimyakimya. Lakini inakuwaje homoni ileile inayoliandaa titi limnyonyeshe mtoto ndiyo iichochee saratani? Ametueleza mara nyingi, vidole vikishikana na kuachana. Tunaitikia vizuri, tukifika mlangoni tumechanganyikiwa upya.

Naye amewahi kuchanganyikiwa, na ameagiza lisemwe. Mwaka jana kililetwa kipande cha titi la mama mmoja, fundi cherehani. Rangi ya homoni ilishika. Rangi ya gundi haikushika hata chembe. Sasa, gundi haipo au rangi imeharibika? Daktari wa darubini hakujua. Sisi ndio kabisa. Na daktari wa upasuaji alikuwa anasubiri, maana kama gundi haipo, huenda saratani imesambaa kuliko picha zinavyoonyesha.

Jibu lingeonekana kwenye ukingo wa tishu yenye afya, ambayo haikosi gundi, hivyo rangi ikiwa nzima lazima ishike. Lakini Mama Kahawia, anayetandika kioo kama kitanda cha mgeni, alikuwa ameukata ukingo ili kipande kipendeze. Daktari wa darubini akamwambia, mama, leo umetupambia mpaka hatuoni. Akacheka, akarudi kwenye tishu iliyobaki ndani ya nta, akakata kipande kingine na ukingo wake. Ukingo ukawa kahawia, saratani haikuwa. Kumbe kweli gundi haipo. Wakatafuta zaidi kabla ya upasuaji, wakakuta uvimbe wa pili umejificha. Saratani yote ikatolewa. Wiki iliyopita fundi cherehani alikuja kliniki kwa miguu yake, akilalamikia foleni.

Tangu siku ile hapa kwetu ni marufuku kukata ukingo, hata uwe mbaya vipi.

Mama, asante kwa subira yako. Jumatatu meza yako naikalia mimi, mtoto wangu mchanga alale asilale usiku. Nenda kapumzike, afya ikujae, usingizi uuchoke mwenyewe. Ila wiki ya kwanza, tafadhali, usizime simu.