Cheti cha Krismasi cha Koome Bila

Mwaka ule wa hali ya hatari, benchi letu mbele ya duka la Mahamed, mjini Meru, lilibaki na watu wanne. Wengine walikuwa kizuizini. Mimi ni fundi viatu. Kinyua tulimwita Wakili kwa kuwa aliwahi kufagia kortini, Salesio tulimwita Askofu kwa kuwa kaka yake ni katekista, na Koome tulimwita Bila: bila dini, wala hakuficha. Ila Krismasi aliipenda kumshinda Askofu mwenyewe. Sasa zilibaki siku mbili, mama yake yuko katika kijiji kilichozungushiwa handaki na serikali, na hedmani, mkuu wa kijiji hicho, amesema lango litafunguliwa kwa wenye cheti cha kanisa tu.

— Batizwa leo, alisema Askofu. Maji ukiyavulia nguo, yaoge.

— Hiyo ni ya mtu ameshaanza jambo, nikamwambia.

— Na ubatizo si maji?

— Sitaki kudanganya, Koome akasema. Mungu simjui, lakini padri namjua, na ni mtu mzuri.

— Punguza sauti, wallahi! Mahamed alikuwa akimimina kahawa. Siku hizi ukisema huna dini, wanauliza umekula kiapo gani.

— Sijakula. Hata hicho sikiamini.

— Hapo ndio mbaya, Wakili akadakia. Kwa sheria, kila mtu lazima ameapia kitu. Kama si Biblia, ni kile cha wapiganaji wa msituni. Nilisikia kortini.

— Ulikuwa unafagia!

— Masikio haikuwa inafagia.

— Basi awe Mwislamu mpaka Jumamosi, Askofu akasema. Mahamed ampe kofia.

— Aende Krismasi na kofia yangu?

— Kai! Aseme yeye ni mchungaji wa Bethlehemu. Wale waliulizwa cheti? Mgeni njoo, mwenyeji apone!

Tulicheka, kwa sauti ya chini. Koome hakucheka.

— Mama ndiye huanzisha nyimbo, mimi namshikia sauti ya pili. Akiimba peke yake mwaka huu, atajua nimekufa.

Hapo akatokea homgadi tusiyemjua, mgambo wa serikali, mkononi karatasi ya walioomba kupita langoni.

— Koome ni nani?

— Mimi.

— Hauko kwa orodha ya kanisa. Dini?

— Sina.

— Kiapo?

— Sina.

Akatutazama, bila ubaya wowote.

— Sawa. Nani hapa anamjua huyu mtu? Aje kwa hedmani aweke dole gumba kumdhamini, apewe cheti; bila hivyo anaenda kambini.

Ilikuwa rahisi hivyo. Lakini tulijua ukimwekea mtu dole, akishukiwa kesho mnachukuliwa wote wawili. Askofu akatazama barabara. Wakili akapapasa mifuko. Mahamed akafuta kikombe kisafi. Na mimi, ambaye Koome alinisaidia kumzika baba, nikashona kiatu mahali palipokwisha kushonwa. Niliogopa, na aibu hiyo ninayo mpaka leo.

Koome akasimama.

— Hawa hawanijui, afande. Nilipita tu kunywa kahawa.

Akatangulia mbele ya homgadi kuelekea kambi ya kizuizini, na hakuna hata mmoja wetu aliyemwita.