Kitanda cha Mbali na Mlango

Jina la Bwana litukuzwe, ndugu zangu wa kanisa letu hapa Husby, Stockholm, nanyi mliopanda treni asubuhi hii kutoka Södertälje na Upplands Väsby. Mimi si msemaji. Shule niliiacha mwaka wa tano, na nusu ya ninayoyajua nimeyapata kwa kuuliza watu njiani. Lakini Mama Zawadi ameniambia kwamba nikinyamaza nitakuwa nimemwibia Mungu sifa zake, kwa hiyo nasimama.

Yote yalianza asubuhi moja ya kawaida. Nilikuwa nimemaliza zamu yangu ya kusafisha ofisi kule Kista. Badala ya kurudi nyumbani nikapanda treni ya upande wa pili mpaka kituo kikuu. Sikuwa na mpango wowote. Kwenye ubao niliona jina la mji wa kaskazini nisioujua, jina refu lenye vitone juu ya herufi, nikataka kujua watu wa huko wanaishije. Begi langu lilikuwa mgongoni, kama siku zote. Nikaenda.

Ndivyo nilivyokuwa, ndugu zangu. Kutoka Bukavu nilikwenda Uvira, kutoka Uvira Kigoma, kutoka Kigoma Kampala. Vita vilinitoa mara moja tu. Mara nyingine zote nilijitoa mwenyewe. Nilikuwa naamka na miguu inawasha. Hapa Stockholm mama mdogo wangu, huyu Mama Zawadi mnayemjua, alinipa chumba, nami nikakikataa. Nililala kwenye kochi la karibu na mlango, begi chini ya kichwa, viatu vimeelekea nje. Wageni wakija anawaambia, "Huyu si mtoto wangu, ni abiria. Anasubiri treni sebuleni kwangu." Binti zake wanacheka na kumjibu kwa Kiswidi. Mimi pia nilicheka. Sikujua kwamba ananililia.

Kule kaskazini nilikuta kijiji kizima kimejaa watu wa mashindano. Watu wazima, wenye kazi nzuri na nyumba zenye joto, wanajifunga mkanda kiunoni na kuvuta sleji, kigari cha kuteleza kisicho na magurudumu, yenye hema, jiko na chakula chao, siku nane juu ya theluji, bila mtu wa kuwabebea chochote. Nilimuuliza kila mmoja kwa nini. Hakuna aliyenijibu vizuri, na hapo ndipo nilipopapenda.

Msimamizi wa njia alikuwa mama wa Kiswidi anayeitwa Gunilla, mfupi, mwenye sauti ya mwalimu. Alinipa kazi ya kuyeyusha theluji ili washindani wapate maji ya moto. Naikumbuka ile kazi mpaka leo. Sufuria kubwa inayomeza theluji ndoo baada ya ndoo na kukurudishia maji kidogo tu. Soksi za sufu zimetundikwa juu ya jiko, zinatoa harufu ya kondoo aliyenyeshewa. Mtu anaingia na barafu kwenye ndevu, anashika kikombe kwa mikono miwili na kukitazama kama amepewa mtoto. Hewa ile ya asubuhi, ukiivuta, pua inashikana. Mpaka sasa, nikifungua friji kubwa kazini, nasimama kidogo kabla ya kuifunga.

Nikarudi Husby nimeamua nitashindana. Majira mawili ya baridi nilifanya mazoezi ya kuvuta tairi la gari uwanjani nyuma ya maghorofa. Shemasi wetu, Mzee Bahati, ambaye anaendesha basi, kila aliponiona alipunguza mwendo na kufungua dirisha.

"Kijana, hilo tairi limekukosea nini?"

"Nalifundisha kutembea, mzee."

"Lifundishe na njia ya kanisani. Wewe umeisahau."

Alisema kweli. Nilikuwa sijaomba kwa muda mrefu. Nilijiombea kwa miguu tu.

Asubuhi ya kuanza mashindano, Gunilla alitukusanya. Kila mtu alipewa kifaa kidogo kinachotuma habari ya mahali alipo. Kisha akatoa amri moja, akairudia mara tatu. "Ukipotea, kaa. Piga hema, ingia ndani, ukae. Kutembea kutakuwa kazi yetu." Akanitazama mimi. Nikaitikia kwa kichwa kama mtu anayeambiwa asile mchanga.

Siku mbili za kwanza nilikwenda nikiimba. Siku ya tatu, baada ya mchana, upepo uliinua theluji kutoka chini na vile vijiti vyekundu vya kuonyesha njia vikapotea. Nilijua kibanda cha kupumzikia kipo magharibi. Dira ilikuwa kwenye mfuko wa sleji, na kuitoa kulitaka nivue glavu, nikaona uvivu. Nikalitafuta jua. Lilikuwa linazama, doa la njano nyuma ya ukungu. Nikasema, jua linazama magharibi, basi nalifuata. Ndugu zangu, mnacheka, na mnajua mnachocheka. Sisi kwetu jua hutoka mbele ya nyumba na kuzama nyuma ya nyumba, mwaka mzima, saa ileile. Nililifuata kutoka Bukavu mpaka Kampala halikunipoteza hata siku moja. Lakini jua la kule, majira yale, linajitokeza kusini, linatambaa kidogo, na kuzama kusini tena, mbali kabisa na magharibi. Nililifuata mpaka nikajikuta kwenye bonde lenye miti midogo ambalo halikuwa kwenye ramani yangu.

Nikatazama kile kifaa. Nilikuwa nimekifunga nje ya koti, na baridi ilikuwa imekula betri. Taa imezimika.

Miguu ikaanza kuwasha. Mwili wangu wote uliniambia, nenda, panda kile kilima, kibanda kiko nyuma yake tu. Nilichukua hatua kumi, ishirini. Ndipo nikamsikia mama yangu. Simaanishi mzuka. Namaanisha nilikumbuka, kwa nguvu iliyonisimamisha.

Nilikuwa na miaka saba, tunakimbia mapigano. Mama alibeba mzigo mgongoni, mkanda umepita kwenye paji la uso, kama wamama wa kwetu wanavyobeba. Aliniketisha kando ya barabara akasema, "Kaa hapa, naenda kutafuta maji, narudi." Nami nikaona lori limepinduka mbele, nikataka kujua lilibeba nini. Nikaenda. Mama alinipata siku ya tatu, kwenye kundi la watu wengine. Hakunipiga. Alikaa chini, alama ya mkanda bado kwenye paji lake, akasema, "Nilirudi pale nilipokuacha. Nikarudi tena. Mahali pengine popote sikujua kukutafuta."

Mama yangu amezikwa Bukavu, na sikuwepo. Nilikuwa njiani.

Pale kwenye theluji nilipiga magoti, maana hata kusimama kulikuwa kushindana. Nikaomba maneno machache: "Bwana, safari hii nakaa. Nitafute hapa." Kisha nikarudi zile hatua ishirini, nikiweka miguu kwenye nyayo zangu mwenyewe. Nikapiga hema, nikawasha jiko, nikaingia kwenye mfuko wa kulalia. Miguu iliwasha usiku kucha. Niliishika kwa mikono.

Asubuhi nilisikia pikipiki za theluji. Gunilla alifungua zipu ya hema, akaingiza kichwa. Baadaye mwenzake alinieleza. Walikwenda mahali kifaa changu kilipotoa habari ya mwisho, wakaona sehemu ya alama za sleji ambayo upepo haukuifuta, wakazifuata mpaka bondeni. Nyuma ya kile kilima kulikuwa na mto ambao barafu yake ilikuwa imepasuka.

"Ulikaa," Gunilla akasema, kichwa chake bado mlangoni mwa hema.

"Nilikaa."

"Wewe? Nilikuwa nimeweka dau na mwenzangu kwamba hutakaa."

Walinipeleka kijiji kingine, nisichokijua hata jina, kwenye nyumba ya mbao ya bibi mmoja. Bibi alinipa mchuzi wa nyama, akanipandisha ghorofani kwenye chumba chenye vitanda viwili, kimoja mlangoni, kimoja dirishani. Akauliza nataka kipi. Ndugu zangu, tangu nikiwa na miaka saba nilikuwa sijawahi kulala mbali na mlango.

Nikasema, cha dirishani. Nikavua viatu, nikampa ashuke navyo chini kuvikausha.

Namshukuru Mungu aliyerudi pale aliponiacha. Namshukuru mama mdogo, ambaye sasa nalala kwenye chumba alichonipa. Na wewe uliyekuja leo na begi lako, ukaketi kiti cha mwisho karibu na mlango wa kutokea, nakujua. Miguu inawasha. Kaa kidogo. Anakuja.