Maisha ya Mama Mkunga na Miezi Kumi na Moja ya Mgeni

Ndugu, jamaa na majirani, aliyepangiwa kusoma wasifu huu ni kaka yangu mkubwa, dereva wa lori. Mimi ni mdogo wake, fundi cherehani. Kaka yuko bandani nyuma ya nyumba, na sababu yake mtaisikia. Nitasoma kama ilivyochapwa, nikiongeza niliyoyaona mwenyewe, na pasipoeleweka nitasema hapaeleweki, maana yapo mambo ya mama ambayo mpaka leo hayajaniingia akilini.

Marehemu mama yetu, Mama Mkunga kwa wote waliomfahamu, alizaliwa tarehe 3 Septemba 1957. Hivyo ndivyo kinavyosema kitambulisho chake. Mama mkubwa, dada yake, aliyeketi hapa mbele, anasema ilikuwa 1956, na anakumbuka kwa sababu mwaka huo yeye aling'oka meno mawili ya mbele. Tumebishana siku tatu. Mtu aliyeandika tarehe za kuzaliwa za watoto wa watu maisha yake yote, yake mwenyewe haina uhakika.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1971 na sekondari mwaka 1975. Mwaka 1978 alijiunga na chuo cha ukunga, akahitimu Novemba 1981. Hapo katikati imepotea miaka miwili. Nimeuliza kila mtu. Kuna picha moja tu ya wakati huo: mama, kijana mwembamba, ameshika hatamu ya farasi mweupe na anacheka mpaka macho yamefumba. Nyuma ya picha hakuna neno.

Alianza kazi Januari 1982 katika wodi ya wazazi, akastaafu Desemba 2017. Ni miaka thelathini na sita. Wengi mlio hapa mlipokewa na mikono yake, na wengine mlipigwa kofi lenu la kwanza naye. Hakuwa na haraka, wala hakupenda kelele. Mzazi akilalamika kwamba siku zake zimepita, alikuwa anamwambia, "Mtoto hajui kusoma kalenda, mama. Tulia."

Alifunga ndoa na baba yetu, fundi saa, tarehe 22 Desemba 1984. Walijuana saa ya mama ya kubandika kifuani ilipokufa, akaipeleka kwenye kibanda cha baba. Baba akaitengeneza mara sita. Baadaye alikiri kwamba ilipona mara ya kwanza.

Sasa nafika pale panaponichanganya. Mwaka 2018, badala ya kupumzika, mama alitangaza mezani kwamba anaanza biashara ya kuzalisha farasi. Tulidhani tumesikia vibaya. Mtaa mzima hauna hata punda. Lakini mama alikuwa ameshapiga hesabu zake: nje ya mji kuna shule ya kufundisha watu kupanda farasi, na kila mwaka huagiza wanyama kutoka mbali. Yeye angewauzia waliozaliwa hapahapa. Alinunua vitabu, akajaza madaftari matatu: chakula, chanjo, kwato, minyoo. Alitoa seng'enge yote uani akaweka mbao, kwa sababu farasi akishtuka hujichana. Banda la kuku likabomolewa, likajengwa la farasi, lenye mlango uliokatwa mara mbili, nusu ya juu na nusu ya chini. Baba alishikilia misumari na hakuuliza kitu. Mimi niliuliza, "Mama, kwa nini farasi?" Akanijibu, "Wewe kwa nini cherehani?"

Baada ya miaka sita ya maandalizi, tarehe 13 Julai 2024 alimleta farasi jike wa rangi ya kahawia, mwenye mimba. Muuzaji alimwandikia siku aliyopandishwa: tarehe 9 Mei. Baba akampa jina la Mgeni, na siku ya tatu akamkumbusha mama kwamba mgeni wa siku ya tatu hupewa jembe. Mama akamfungulia Mgeni kadi ya kliniki, akaitundika mlangoni.

Kwenye kadi aliandika siku ya kujifungua: tarehe 9 Februari 2025. Siku hiyo mama alivaa aproni yake ya kazi. Maji yalichemshwa, shuka zikapigwa pasi, baba akakaa na saa mkononi. Majirani walikuja. Mgeni akala nyasi mchana kutwa. Kesho yake vilevile, na keshokutwa. Kaka akasema mbele ya watu, "Mama, umeuziwa farasi mwenye kitambi." Mama akavua aproni, akaikunja, na niliumia. Yeye aliyekuwa akiwatuliza wengine alikosa wa kumtuliza. Kumwita daktari wa mifugo hakutaka. Mkunga aulizie tarehe kwa mwenzake?

Daktari alikuja mwenyewe baada ya siku kumi kutoa dawa ya minyoo, akaisoma kadi.

"Nani kamwandikia huyu mwezi wa pili?"

"Mimi," akasema mama.

"Farasi ni miezi kumi na moja, mama yangu."

Mama alikaa juu ya ndoo akacheka mpaka akashika mbavu. Katika vitabu vyote vile, sura ya mimba ndiyo aliyoiruka. Hayo alikuwa anayajua.

Kaka hakuamini kwamba kuna mimba. Mama alipoanza kuugua moyo mwezi Machi, kaka alikubaliana na mwenye mkokoteni mmoja kwamba baada ya mambo yote kwisha aje amchukue Mgeni akauvute. Mama alipopata habari hakugomba. Pale kitandani hospitalini alimwambia, "Nimepokea watoto, mwanangu, sina idadi. Wote wanalala. Nataka nimwone mmoja anayesimama siku hiyohiyo." Alifariki Jumanne tarehe 8 Aprili, saa nane mchana, bila kumwona.

Kwenye karatasi mlizonazo imebaki orodha ya aliowaacha tu. Kabla ya kuifikia, haya nimeyaandika kwa kalamu asubuhi ya leo.

Saa kumi na moja alfajiri kaka alikwenda bandani kufagia, kwa sababu ya wageni. Akaniita kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Nilipofika, mtoto alikuwa ameshatoka, amelowa, mwili wote ni miguu tu. Kaka alitaka kumwinua, nami nikamulika kadi. Mstari wa mwisho, kwa mwandiko wa mama, unasema: "Msimsaidie kusimama." Basi kaka akafunga mikono nyuma akasimama, analia. Mtoto akaanguka mara tatu. Ya nne akasimama.

Kaka amekataa kutoka pale. Mwenye mkokoteni, kama uko hapa, usijisumbue.

Marehemu ameacha mume, dada, watoto wawili na wajukuu watano. Kwenye karatasi zenu imeandikwa farasi mmoja. Tafadhali rekebisheni, ni wawili.

Mama, zamu yako imekwisha. Apumzike kwa amani aliyewapokea wengi wetu.