Mwalimu wa Vielezi Anatuaga

Baada ya miaka thelathini na miwili ya kufundisha, Mwalimu Jeremiah Mwangangi anastaafu tarehe 30 Novemba 2004. Kumi na mitatu ya mwisho ameitumia pamoja nasi katika Kituo cha Masomo ya Jioni cha Iveti, hapa Machakos mjini, akiwafundisha Kiingereza watu wazima wanaoingia darasani moja kwa moja kutoka kazini. Kamati ya sherehe iliniomba mimi, mwalimu wa hesabu ambaye darasa langu limepakana na lake miaka yote hiyo, niandike maneno machache ya kumsindikiza. Nimekubali, ingawa ningefurahi zaidi kuandika kwamba ameongezewa mkataba.

Mwalimu Mwangangi ni mzaliwa wa Katangi. Alianza kazi mwaka 1972 katika shule ya msingi huko Kivaa, kisha akahamishiwa Kangundo. Shule yake ya Kangundo ilikuwa mlimani, na watoto walipenda kuteremka mbio kengele ya mwisho ikilia. Alikuwa akisimama langoni na kuwapigia kelele, “Slowly! Slowly!” Hawakupunguza mwendo hata kidogo, ila jina walilichukua. Hadi leo wapo wanaume wenye ndevu mjini Kangundo ambao wakimwona humwita Mwalimu Slowly, naye huitika.

Alipokuja kwetu mwaka 1991 alikuta darasa la wafanyabiashara, wahudumu wa hoteli, vibarua wa viwanda vya Mavoko na makarani wawili watatu. Wote walikuwa na maneno ya Kiingereza ya kutosha. Mwalimu alishikilia kwamba shida yao ilikuwa mahali pa kuyaweka. Sisi tukisema mtu anachelewa kila mara, “kila mara” tunaipachika popote na hakuna anayelalamika. Kiingereza hakikubali. “Always” lazima ijipenyeze kati ya mtu na kitendo: she always comes late. Lakini kitendo kikiwa “is”, basi “always” inaruka na kukaa nyuma yake: she is always late.

Hayo hakuyafundisha kwa ubao peke yake. Aliandika kila neno kwenye kipande cha boksi na kumpa mwanafunzi akishike, kisha akawapanga mbele ya darasa. Siku moja Farhia, mwenye duka la vitambaa, alikuwa “she”, na Abdisalan, mfanyabiashara wa mifugo, alikuwa “always”. Kila kitendo kilipobadilishwa, Abdisalan, mtu mzima mwenye kitambi chake, alitakiwa kuhama. Alihama mara ya kwanza, akahama ya pili, kisha akasimama akamtazama mwalimu.

“Mwalimu,” alisema, “huyu always ni kama mbuzi alinunuliwa jana. Hana boma.”

Wanafunzi wangu upande wa pili wa ukuta walisikia kicheko kilicholipuka, na hesabu yangu ya asilimia ikaishia hapo.

Ningependa sifa zote ziwe za namna hiyo. Lakini nilipokwenda kumuuliza Mwalimu mambo ya kuweka katika wasifu huu, alinisimulia habari ya Mwelu, ambayo wengi wetu tuliijua kwa juujuu tu. Nilimwambia pengine hiyo tuiache, kwa kuwa hii ni sherehe. Alikataa kwa upole.

“Iandike,” aliniambia. “Ukiandika mazuri peke yake, hapo hutakuwa umeandika mimi.”

Mwelu alikuwa msichana wa Kivaa aliyefanya kazi katika hoteli moja hapa mjini, na mwaka 2001 alikuwa mwanafunzi wetu mwenye bidii kuliko wote. Kila jioni alifika darasani wa kwanza, aproni yake ikiwa imekunjwa ndani ya mfuko wa plastiki. Mwaka huo kiwanda kimoja cha nguo huko Mavoko kilimwita kwa mahojiano ya kazi ya karani wa stoo. Yalikuwa yafanyike Jumatano.

Jumanne, siku moja kabla, Mwalimu alifundisha jinsi ya kutengeneza vielezi. Quick ikawa quickly, careful ikawa carefully, bad ikawa badly. Alikuwa bado hajafika kwenye maneno yanayovunja kanuni hiyo, mvua ikaanza kupiga mabati mpaka hakuna aliyesikia kitu. Akawaruhusu waende nyumbani, akasema watamalizia Alhamisi.

Kesho yake, watu watatu wa kiwanda walimuuliza Mwelu yeye ni mfanyakazi wa namna gani. Alikuwa amejitayarisha. Alijibu, “I work hardly.” Wakacheka. Mmoja akamuuliza kwa nini basi wamwajiri. Mwelu, akidhani hawakumsikia vizuri, akarudia kwa kutia mkazo, kwamba yeye hufanya kazi “very hardly”. Walicheka tena, wakamshukuru, na akatoka nje bila kujua kilichowachekesha.

Alikuja kujua Alhamisi, darasani. Mwalimu, bila habari ya lolote, aliandika ubaoni kwamba “hard” haibadiliki: anayefanya kazi kwa bidii, he works hard. Akaongeza kwamba “hardly” ipo, ila maana yake ni nyingine kabisa, na mtu anayesema “I work hardly” amesema kwamba kazi karibu haigusi. Darasa lilicheka. Mwelu aliinuka kutoka dawati la nyuma.

“Mwalimu,” alisema, “hii ya leo ungetupatia Jumanne.”

Kisha, akiwa bado amesimama, akaeleza yaliyompata. Hakulia wala hakupandisha sauti. Abdisalan, aliyekuwa dawati la mbele yake, ameniambia kwamba ilikuwa vigumu hata kugeuka kumtazama.

Ijumaa asubuhi Mwalimu alikwenda Mavoko kwa nauli yake. Aliketi langoni hadi saa saba, ndipo ofisa wa wafanyakazi, kijana aitwaye Jeff Mulwa, akamkubali kwa dakika chache. Mwalimu alimweleza kwamba kosa halikuwa la msichana, lilikuwa la mwalimu aliyefundisha nusu ya somo na kwenda zake nyumbani. Akaomba wamwite tena, wamuulize kwa Kiswahili, au wampe stoo aipange mbele yao. Yule kijana alimsikiliza kwa heshima. Nafasi ilikuwa imeshachukuliwa jana yake, na mtu mwenyewe alikuwa tayari ndani anafanya kazi.

Mwelu alihudhuria mara mbili zaidi, kisha akaacha darasa, akaacha na hoteli, akarudi kwao. Likizo ya Agosti Mwalimu alimfuata Kivaa. Alimkuta shambani na mama yake, na walimpokea kama mgeni wa maana. Alipikiwa muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharage, akaambiwa ale ashibe kwanza. Alipomaliza, aliomba msamaha mbele ya mama, akamwomba Mwelu arudi darasani bila ada.

“Sina kinyongo na wewe, Mwalimu,” Mwelu alimjibu. “Lakini nikifungua mdomo niseme Kizungu, nawasikia wakicheka. Wacha nikae na shamba.”

Hakurudi. Mwalimu alipata salamu zake mara moja, kupitia kwa mtu wa soko la Masinga, kwamba ameolewa na yu mzima. Zaidi ya hapo hana habari.

Tangu mwaka huo, Mwalimu Mwangangi hajawahi kufunga somo katikati. Mvua ikianza, aliwasogeza wanafunzi wote wakauzingira ubao, akafundisha kwa sauti ya mnadani mpaka neno la mwisho. Stima zikipotea, aliwatoa verandani kulikokuwa bado na mwanga. Wake wa wanafunzi wetu walituletea malalamiko kuhusu waume wanaochelewa chakula cha jioni. Aliwaomba radhi, akaendelea vilevile. Na kila aliyeitwa kwa mahojiano alipitia kwake kwanza, akaketishwa kwenye kiti, akaulizwa maswali yote hadi ulimi ukalainika. Pauline, ambaye sasa ni karani katika benki moja hapa mjini, alipita kwenye kiti hicho. Abshir, dereva wa kampuni ya watalii, naye pia. Farhia leo anaagiza vitambaa kwa simu kutoka Dubai bila kumtegemea mkalimani. Niliwataja hawa kwa Mwalimu ili nimfariji. Alifurahi kweli, kisha akasema kwamba hao hawaondoi yule mmoja.

Inatusikitisha kusema kwamba hajapatikana wa kushika nafasi yake. Tumeomba, tumeahidiwa, na Januari darasa lake litaunganishwa na langu. Mimi ninajua kujumlisha. Wanafunzi wake wanalijua hilo, na tayari watano wameniambia kwa adabu kwamba mwakani watakuwa na shughuli nyingi.

Somo lake la mwisho lilikuwa Alhamisi iliyopita. Alilimaliza lote, akauliza kama kuna swali, hakukuwa na swali. Lakini hakuna aliyenyanyuka. Madaftari yalikuwa yamefungwa na watu wameketi tu, na yeye akasimama mbele yao mikono nyuma. Mwishowe Abdisalan aliinuka, akaenda mbele, akamwomba dasta. Mwalimu hakumpa. Aliufuta ubao mwenyewe, polepole, kutoka juu hadi chini, kisha akawashika mkono mmoja mmoja mlangoni.

Mwalimu Mwangangi, tunakushukuru kwa jioni zote ulizotupa ambazo zingekuwa za nyumbani kwako. Mama Nzembi, mkewe, tunakurudishia mtu wako, na tunaomba radhi kwamba tumemkawiza. Mungu awape mvua ya wakati wake kule Katangi, na afya ya kuvuna mtakachopanda. Nenda salama, Mwalimu. Hatukuwa tayari.